Jon Postel, mtu aliyeifungulia barua pepe njia

Kijana wa Mugunga, kule kwenye barabara ya kwenda Sake, anaweza kumaliza programu yake ya mtandaoni kwa usiku chache tu. Shule inaandikisha wanafunzi, mzazi analipa, na programu inamtumia risiti kwa barua pepe palepale. Kumbe asubuhi mzazi anapiga simu: hajaona kitu. Shule nayo haimruhusu mtoto kuingia bila risiti. Ile barua iliondoka, lakini imeangukia kwenye kisanduku cha taka, ao seva ya upande wa pili imeikataa mlangoni. Ili kuelewa ni kwa nini, inafaa kurudi Agosti 1982, kwa Mmarekani mmoja mwenye ndevu ndefu aliyependa kuvaa sandale hata kazini.

Jonathan Bruce Postel alizaliwa tarehe 6 Agosti 1943 huko Altadena, California. Sekondari alisomea Van Nuys, shule moja na Vint Cerf na Steve Crocker, ambao nao walikuja kujulikana kwa kujenga intaneti. Halafu akaingia Chuo Kikuu cha UCLA, Los Angeles, na kupata udaktari wa sayansi ya ordinatere mwaka 1974. Alikuwa mwanafunzi hapo wakati ujumbe wa kwanza wa mtandao wa ARPANET ulipotumwa, tarehe 29 Oktoba 1969. Ordinatere ya pili ilizimika baada ya kupokea herufi mbili. Basi wakaanza tena.

Kazi aliyojichukulia haikuwa ya kutafuta sifa. Alitunza daftari. Mtandao ulihitaji mtu wa kuandika namba gani imepewa nani, na mtu wa kuhariri zile hati zinazoitwa RFC ambamo wahandisi wanakubaliana namna mashine zitakavyoongea. Postel alifanya yote mawili kwa karibu miaka 30, kwanza UCLA na baadaye, kuanzia 1977, katika taasisi ya ISI ya Chuo Kikuu cha Southern California.

Mwezi wa 8 mwaka 1982 alitoa hati namba 821, yenye kueleza SMTP, utaratibu rahisi wa kuhamisha barua. Ni mazungumzo mafupi kati ya mashine mbili. Ya kwanza inajitambulisha, inasema barua inatoka kwa nani, inaenda kwa nani, halafu inaitoa. Kila mara inangojea jibu la tarakimu 3. Jibu 250 maana yake sawa. Jibu linaloanza na 4 ni kusema sasa hivi haiwezekani, rudi baadaye. Linaloanza na 5 ni kukataliwa kabisa. Mashine ikishapokea barua imechukua jukumu: iifikishe, ao imjulishe mtumaji kwamba imeshindikana.

Watu wazima wa Mugunga wanaijua kazi ya namna hiyo. Mwaka 1994, wakimbizi walipojaa kambini kutoka Rwanda, Msalaba Mwekundu ulibeba karatasi za habari za familia, ukitafuta mtu kwa jina. Aliyeandika alikaa akingojea jibu, hata la kusema mtu hajaonekana. Na kwa mji ambamo umeme unakatika ovyo, ile namba 4 ni baraka: seva inaweka barua kwenye foleni na kujaribu tena, hata kwa siku kadhaa, bila kijana kuamka usiku.

Lakini Postel aliacha pengo. Utaratibu wake haukuuliza kama anayejitambulisha anasema kweli. Mtu yeyote aliweza kuandika jina la shule, la benki, hata la rais. Kumlaumu ni rahisi leo. Mwaka 1982 mtandao ulikuwa na ordinatere mia mbili na kitu tu, na wenye kuzitunza walijuana. Tena yeye mwenyewe alikuwa ametahadharisha juu ya ujumbe usiotakiwa katika hati namba 706, Novemba 1975: mashine haikuwa na njia ya kumkataa jirani anayeimwagia takataka.

Pengo hilo ndilo linalomsumbua kijana wetu. Dawa yake inawekwa kwenye mfumo wa majina ya mtandao, ambao Paul Mockapetris aliubuni mwaka 1983 baada ya Postel kumkabidhi kazi hiyo. Mwenye programu anaandika humo mistari mitatu. SPF inataja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lake. DKIM inaweka wazi ufunguo wa kuhakiki muhuri uliopigwa kwenye kila barua. DMARC inawaambia wapokeaji wafanye nini barua isipopita ukaguzi. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanaidai yote mitatu kwa anayetuma barua nyingi, ambazo kwa Google ni kama 5,000 kwa siku, na mtumaji mdogo asiye na hata moja naye anaweza kurudishwa. Inabaki kusoma majibu: anwani iliyojibu 5 kwa sababu haipo iondolewe, maana kuigonga tena na tena kunaharibu jina la mtumaji.

Hata jina la nchi kwenye mtandao lilipitia kwenye daftari ya Postel. Zaire ilikuwa na .zr. Mwaka 1997 nchi ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na .cd ikaandikwa. Herufi hizo hakuzichagua yeye. Alikuwa ameshaeleza mwaka 1994 kwamba si kazi yake kuamua nchi ni ipi, anafuata orodha ya ISO. Mtu mmoja kushika daftari kama hiyo na kukataa kuamua siasa za wengine, si jambo dogo.

Ila tarehe 28 Januari 1998 alionyesha nguvu yake. Aliwaomba waendeshaji 8 kati ya 12 wa seva kuu za majina wafuate mashine yake badala ya ile iliyokuwa chini ya mkataba wa serikali ya Marekani. Walimtii. Washington ilikasirika, naye akarudisha mambo yalivyokuwa, akisema lilikuwa jaribio.

Moyo wake ulikuwa na tatizo la vali, iliyokuwa imefanyiwa upasuaji mwaka 1991. Alifariki Los Angeles tarehe 16 Oktoba 1998, baada ya upasuaji mwingine, akiwa na miaka 55. Wiki chache kabla, shirika la ICANN lilikuwa limeundwa kuchukua daftari. Desemba ileile ilitoka hati namba 2476, iliyotenga mlango wa 587 kwa programu zinazokabidhi barua zao kwa seva. Ndio mlango ambao kijana wa Mugunga anauandika leo kwenye programu yake. Herufi .zr zilifutwa mwaka 2001.