Hobey Baker, mwenye tuzo ya tabia

Marekani kuna tuzo ya wanafunzi wa sekondari wanaocheza magongo barafuni. Hawapewi kwa mabao, hupewa kwa tabia na bidii. Tuzo yenyewe ina jina la Hobey Baker, aliyezaliwa Pennsylvania mwaka 1892. Akichezea chuo cha Princeton alikuwa nyota. Wapinzani walimwandama kwa magongo, naye halipizi. Mechi ikiisha huwafuata chumbani kwao kuwapa mkono. (Kwetu sisi, refa ndiye anayetafuta mlango wa nyuma.) Alikataa kucheza kwa malipo. Vita Kuu vilipokuja akawa rubani Ufaransa. Tarehe 21 Disemba 1918, vita vimekwisha, amri ya kurudi kwao i mfukoni, alipanda kuijaribu ndege iliyotoka kutengenezwa. Injini ikazima hewani, ndege ikaanguka. Alikuwa na miaka 26.