Daktari Atiman: kutoka mchanga wa Sahara hadi Karema



Vijana wenzangu, sisi wa Kigoma mchanga tunaujua kwa dagaa. Pale Kibirizi wanaanikwa ufukweni, na maji yako hatua chache tu. Leo twende kwenye mchanga usio na ziwa.

Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, nchi ya Mali ya leo, miaka ya 1860. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa Sahara kuelekea kaskazini. Sahara si mchanga mtupu. Sehemu kubwa ni mawe na changarawe. Lakini penye mchanga, jamani! Kuna vilima vinavyopita mita 100, na upepo huhamisha mchanga, hivyo njia ya jana leo huioni. Misafara ya ngamia ilitegemea visima, na kutoka kisima hadi kisima ni siku nyingi. Mtoto mtumwa humhitaji kumfunga mnyororo huko. Angekimbilia wapi?

Algeria alikombolewa na Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie mwaka 1868. Kukombolewa maana yake fedha zililipwa. Jangwa hilo halikuwaacha hata mapadre: mwaka 1876 watatu waliuawa humo wakijaribu kufika Timbuktu, kwao Atiman.

Wakamsomesha udaktari Malta. Nikiwa nasoma falsafa tulibishana sana kuhusu uhuru, na huyu Atiman hakunitoka kichwani. Mtu aliyenunuliwa ili awe huru, anakuwa huru lini hasa? Siku fedha zinapolipwa? Mimi sidhani.

Mwaka 1889 akafika Karema, kusini mwetu, ufuko huu huu wa Tanganyika. Mapadre wa kwanza walikuwa wamefika Ujiji Januari 1879, na Ujiji ile, mnajua, ilikuwa njia ya watumwa kwenda pwani. Yaani mtoto aliyeuzwa kwenye mchanga amekuja kutibu watu kwenye njia nyingine ya utumwa, bila mnyororo, na hakuondoka. Hapo ndipo mimi nauona uhuru wake.

Alikaa Karema miaka 67, daktari na katekista. Alioa, na mwanawe Joseph akawa padri. Alifariki mwaka 1956. Sumbawanga kuna hospitali yenye jina lake. Wengi wanaambiana tukutane Atiman, wakapime malaria, na habari za ngamia hawajawahi kuzisikia.