Niels Ryberg Finsen

Niels Ryberg Finsen (Tórshavn, 15 Desemba 1860 – Copenhagen, 24 Septemba 1904) alikuwa daktari wa Denmark mwenye asili ya Iceland. Anakumbukwa kama mwanzilishi wa matibabu ya kisasa kwa njia ya mwanga. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa mchango wake katika kutibu magonjwa, hasa kifua kikuu cha ngozi, kwa kutumia mionzi ya mwanga. Alikuwa raia wa kwanza wa Denmark kupata Tuzo ya Nobel.

Finsen mwenyewe aliishi na ugonjwa sugu kwa zaidi ya miaka 20. Uchovu uliotokana na hali hiyo ndio uliomfanya ajiulize jua linafanya nini katika mwili wa binadamu. Sehemu ya jibu la swali hilo ilipatikana baada ya kifo chake, wataalamu wengine walipogundua vitamini D.

Maisha ya awali

Finsen alizaliwa Tórshavn, mji mkuu wa Visiwa vya Faroe katika bahari ya Atlantiki ya Kaskazini. Visiwa hivyo vilikuwa chini ya Denmark, sawa na Iceland wakati huo. Baba yake, Hannes Finsen, alitoka katika ukoo wa Iceland na alikuwa mtumishi wa serikali katika visiwa hivyo, ambako baadaye alishika cheo cha mkuu wa jimbo. Mama yake alifariki Niels akiwa bado mtoto mdogo, na baba yake akaoa tena.

Baada ya masomo ya kwanza mjini Tórshavn, alipelekwa katika shule ya bweni ya Herlufsholm nchini Denmark. Huko hakufanya vizuri, na walimu wake walimwona kuwa mtoto mwenye moyo mwema lakini mwenye uwezo mdogo na asiye na nguvu ya kusoma. Mwaka 1876 alihamishiwa shule ya sekondari ya Reykjavik, Iceland. Maendeleo yake yakawa bora, akamaliza masomo mwaka 1882.

Mwaka huohuo alikwenda Copenhagen kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha mji huo. Alihitimu mwaka 1890, kisha akaajiriwa katika idara ya anatomia ya chuo hicho kama mtayarishaji wa maiti za kufundishia wanafunzi. Mwaka 1893 aliacha kazi hiyo ili apate muda wa utafiti. Kwa muda fulani aliishi kwa kipato cha kuwafundisha wanafunzi wa udaktari masomo ya ziada.

Mwaka 1892 alimwoa Ingeborg Balslev, binti wa askofu wa Kilutheri. Mke wake alimsaidia sana katika miaka ya ugonjwa wake.

Ugonjwa wake

Dalili za kwanza za ugonjwa wa Finsen zilionekana mwaka 1883, akiwa mwanafunzi. Tando zinazozunguka moyo, ini na wengu zilianza kuwa nene na ngumu, na kadiri miaka ilivyopita viungo hivyo vilishindwa kufanya kazi yake sawasawa. Maji yalikuwa yakijikusanya tumboni na ilibidi yatolewe mara kwa mara. Wakati huo hapakuwa na tiba ya hali hiyo.

Pamoja na hayo alikuwa na upungufu wa damu na alichoka upesi. Nyumba aliyokaa ilielekea upande wa kaskazini. Katika nchi kama Denmark, chumba cha upande huo hakipati jua la moja kwa moja kwa sehemu kubwa ya mwaka. Finsen alianza kuhisi kwamba angepata nafuu kama angekaa zaidi kwenye jua, akajizoeza kuota jua kila alipopata nafasi.

Kwa kuwa alikuwa daktari, hakuridhika na kujisikia vizuri tu. Alitaka kujua faida hiyo inatoka wapi. Alitafuta katika elimu ya tiba ya wakati wake lakini hakupata maelezo ya kutosha, kwa hiyo akaanza kukusanya habari za wanyama na mimea kuhusu mwanga. Husimuliwa kwamba alimwona paka akiota jua, na kila kivuli kilipomfikia, paka alisogea tena mahali penye mwanga.

Utafiti kuhusu mwanga na ngozi

Wakati huo ilijulikana tayari kwamba mwanga wa jua una sehemu mbalimbali. Mionzi myekundu na ile iliyo karibu nayo huleta joto zaidi. Mionzi ya buluu, ya urujuani na ya urujuanimno, ambayo haionekani kwa macho, iliitwa mionzi ya kikemia kwa sababu huleta mabadiliko ya kikemia, kwa mfano katika karatasi za picha. Finsen alionyesha kwamba ngozi inayoungua juani haiunguzwi na joto bali na mionzi hiyo ya kikemia.

Katika jaribio moja alijipaka wino mweusi kwenye sehemu ya mkono wake, kisha akauweka mkono juani kwa saa kadhaa. Ngozi isiyopakwa ilikuwa nyekundu na kuvimba, lakini ile iliyokuwa chini ya wino ilibaki salama. Baadaye ngozi iliyoungua iligeuka kuwa ya kahawia. Alipouweka mkono juani tena bila wino, ngozi ya kahawia ilivumilia, na ile iliyokuwa imefunikwa mara ya kwanza ndiyo iliyoungua. Kutokana na hayo alieleza kwamba rangi ya ngozi ni kinga ya mwili dhidi ya jua kali.

Mwaka 1893 alichapisha makala kuhusu athari za mwanga kwenye ngozi. Alipendekeza wagonjwa wa ndui walazwe katika vyumba vyenye mapazia au vioo vyekundu ili mionzi ya kikemia isifikie ngozi na kuzidisha makovu. Madaktari kadhaa walijaribu njia hiyo na kuisifu, lakini utafiti wa baadaye haukuthibitisha faida yake na ikaachwa.

Tiba ya kifua kikuu cha ngozi

Baada ya kuchunguza madhara ya mwanga, Finsen aligeukia manufaa yake. Tangu mwaka 1877 watafiti wa Uingereza walikuwa wameonyesha kwamba mwanga wa jua huua bakteria. Finsen aliwaza kwamba mionzi ileile, ikikusanywa mahali pamoja, ingeweza kutibu ugonjwa wa ngozi unaoletwa na bakteria.

Alichagua kifua kikuu cha ngozi, kinachojulikana kwa Kilatini kama lupus vulgaris. Ugonjwa huo ni tofauti na ule unaoitwa lupus siku hizi, ambao kinga ya mwili hushambulia viungo vyake yenyewe. Kifua kikuu cha ngozi kilishambulia zaidi uso. Kilikula pua, midomo na masikio polepole kwa miaka mingi. Wagonjwa wengi walijificha nyumbani, walikosa kazi na waliepukwa na watu.

Mwezi Novemba 1895 Finsen alianza kumtibu mhandisi mmoja wa Copenhagen aliyekuwa ameugua kwa miaka minane na kushindwa kupona kwa njia nyingine. Alitumia taa ya umeme ambayo mwanga wake hutoka kati ya vijiti viwili vya kaboni. Mgonjwa alipata nafuu kubwa katika muda wa miezi michache.

Vifaa vyake viliboreshwa hatua kwa hatua. Kwa mwanga wa jua alitumia lenzi kubwa yenye uwazi ndani, iliyojazwa maji yaliyotiwa mrututu. Rangi ya buluu ya maji hayo ilizuia mionzi yenye joto na kupitisha mionzi ya kikemia. Kwa kuwa jua la Denmark si la kutegemewa, taa za umeme zilichukua nafasi yake. Lenzi zake zilitengenezwa kwa mawe angavu ya kwatzi, na maji baridi yalipitishwa ndani ya vifaa ili ngozi isiungue.

Finsen aligundua pia kwamba damu huzuia mionzi kuingia ndani ya ngozi. Kwa hiyo muuguzi alikaa karibu na mgonjwa na kukandamiza sehemu inayotibiwa kwa kifaa kidogo cha kwatzi chenye maji, ili damu isogee pembeni. Kila kikao kilichukua saa moja hivi na kutibu sehemu ndogo tu ya ngozi. Kumaliza uso mzima kulihitaji miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka.

Taasisi ya Finsen

Mwaka 1896 ilianzishwa taasisi ya tiba ya mwanga mjini Copenhagen chini ya uongozi wa Finsen, kwa michango ya watu binafsi na baadaye msaada wa serikali na manispaa. Katika miaka michache mamia ya wagonjwa wa kifua kikuu cha ngozi walitibiwa hapo. Wengi walipona au kupata nafuu kubwa, na matokeo yalikuwa bora zaidi kwa waliowahi mapema.

Madaktari kutoka nchi mbalimbali walifika kujifunza. Alexandra, binti wa mfalme wa Denmark aliyeolewa Uingereza, alisaidia njia hiyo kufika London. Mwaka 1900 hospitali ya London Hospital ilipata taa ya Finsen kwa msaada wake.

Miaka ya mwisho na kifo

Sifa zake ziliongezeka huku nguvu zake zikipungua. Mwaka 1898 alipewa cheo cha profesa. Katika miaka ya mwisho alitumia kiti cha magurudumu na mara nyingi aliongoza kazi akiwa kitandani. Alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 hakuweza kusafiri kwenda Stockholm kuipokea. Sehemu kubwa ya fedha za tuzo aliitoa kwa ajili ya kazi ya tiba.

Hata wakati huo aliendelea kujichunguza. Alipima chakula na vinywaji vyake, akafuata mlo wenye chumvi kidogo ili kupunguza maji mwilini. Mwaka 1904 alichapisha matokeo ya uchunguzi huo katika makala kuhusu kujikusanya kwa chumvi mwilini.

Alifariki nyumbani kwake Copenhagen tarehe 24 Septemba 1904 akiwa na umri wa miaka 43. Mwanga uliowaponya wengine haukuweza kuponya moyo na ini lake.

Finsen na vitamini D

Finsen hakujua habari za vitamini, kwa kuwa neno lenyewe lilitungwa baada ya kifo chake. Mwaka 1919 daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin alionyesha kwamba watoto wenye matege yanayotokana na mifupa laini hupona wakiangazwa kwa taa ya urujuanimno. Mwaka 1922 Elmer McCollum wa Marekani na wenzake walitambua katika mafuta ya ini la samaki kirutubishi kinachozuia ugonjwa huo, kikaitwa vitamini D. Adolf Windaus wa Ujerumani alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1928 kwa utafiti uliohusu pia vitamini hiyo.

Leo inajulikana kwamba sehemu ya mionzi ya urujuanimno hutengeneza vitamini D ndani ya ngozi. Kisha ini na figo huibadilisha ili mwili uweze kuitumia. Katika nchi za kaskazini kama Denmark, jua la majira ya baridi huwa chini mno na ngozi hutengeneza vitamini hiyo kidogo sana au haitengenezi kabisa. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe, kwa sababu ileile ya kinga ambayo Finsen aliionyesha kwa wino.

Watu wenye magonjwa sugu wako katika hatari ya kupungukiwa na vitamini D, kwani wengi hukaa ndani, na magonjwa ya ini, figo au utumbo huvuruga upatikanaji wake. Upungufu mkubwa huleta udhaifu wa misuli, maumivu ya mifupa na uchovu. Hata hivyo uchovu wa mgonjwa una sababu nyingi, zikiwemo upungufu wa damu na udhaifu wa moyo kama aliokuwa nao Finsen. Majaribio ya kuwapa wagonjwa vitamini D ili kupunguza uchovu yametoa matokeo yanayotofautiana. Faida hutarajiwa zaidi kwa mtu ambaye kipimo cha damu kimeonyesha kweli ana upungufu. Kuitumia kupita kiasi kuna madhara, kwa kuwa huongeza kalisi katika damu.

Kipimo hicho hakikuwepo wakati wa Finsen, kwa hiyo haiwezekani kusema kama upungufu wa vitamini D ulichangia uchovu wake. Hata namna taa zake zilivyoponya ngozi imechunguzwa upya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba vifaa vyake vilizuia mionzi mifupi inayotengeneza vitamini D, na kwamba huenda mwanga uliopita uliua bakteria kupitia kemikali zilizomo ndani ya bakteria wenyewe.

Kumbukumbu

Taa za Finsen ziliendelea kutumika hadi dawa za kifua kikuu zilipopatikana katika miaka ya 1940 na 1950. Matibabu kwa mwanga bado yanatumika kwa magonjwa kadhaa ya ngozi na kwa watoto wachanga wenye umanjano. Mjini Copenhagen kuna sanamu ya kumkumbuka iliyochongwa na Rudolph Tegner. Inaonyesha watu wakinyoosha mikono yao juu kuelekea mwanga.