Linnaeus: Msomi aliyewapa majina wanyama wa Isiolo bila kufika Afrika

KATIKA soko la mifugo la Isiolo hukutana Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru, na kila jamii ina jina lake la ngamia. Hata hivyo, vitabu vya sayansi kote ulimwenguni hutumia jina moja tu la mnyama huyo, Camelus dromedarius, lililochapishwa mwaka wa 1758. Mbuzi na punda wanaouzwa papo hapo walipewa majina yao ya kisayansi katika kitabu hicho hicho. Mti wa mswaki, unaomea kwa wingi katika nyanda hizo kame, ulikuwa umekwisha kuitwa Salvadora persica mwaka wa 1753. Aliyevipa viumbe hivyo vyote majina ni mtu mmoja, Carl Linnaeus wa Uswidi, ambaye maishani mwake hakukanyaga ardhi ya Afrika.

Alizaliwa Mei 23, 1707 katika kijiji cha Råshult, kusini mwa Uswidi. Babake, Nils, alikuwa mchungaji wa kanisa la Kilutheri aliyependa mno bustani, na alitaraji mwanawe angerithi kazi ya mimbari. Walimu hawakuona dalili yoyote ya uchungaji kwa kijana huyo. Ni daktari mmoja, Johan Rothman, aliyemsihi mzee amwachilie akasomee utabibu. Enzi hizo utabibu na elimu ya mimea vilikuwa chanda na pete, maadamu dawa nyingi zilitoka shambani na porini.

Mwaka wa 1728 alijiunga na Chuo Kikuu cha Uppsala, na ufukara ukamwandama. Inasimuliwa kwamba alitia karatasi ndani ya viatu vilivyotoboka. Miaka minne baadaye alisafiri peke yake hadi Lapland, kaskazini ya mbali, akikusanya mimea. Mwaka wa 1735 alikwenda Uholanzi, akapata shahada ya udaktari katika muda usiozidi wiki mbili, na mwaka huo huo akachapisha Systema Naturae. Kitabu hicho kilichokuja kubadili sayansi kilikuwa na kurasa zisizofika 15, japo zilikuwa kubwa mno.

Wazo lake lilikuwa jepesi. Kila kiumbe huwekwa katika kundi kubwa, kundi hilo likagawanywa kuwa madogo, na madogo kuwa madogo zaidi, kwa kufuata sifa za mwili: himaya, ngeli, oda, jenasi na hatimaye spishi. Mimea aliipanga kwa kuhesabu viungo vya kiume na vya kike vya ua. Johan Siegesbeck, msomi aliyefanya kazi St Petersburg, aliuona mpango huo kuwa wa aibu. Jina lake limebaki hadi leo katika Sigesbeckia, jenasi ya magugu yasiyo na thamani kubwa.

Kabla ya hapo, mmea mmoja uliweza kubeba jina la maneno kumi, na msomi wa nchi nyingine akaubandika mengine kumi. Linnaeus alikata shauri kila kiumbe kiwe na maneno mawili tu, la kwanza la jenasi na la pili la spishi, kama vile mtu alivyo na jina la ukoo na lake mwenyewe. Mwaka wa 1753 alifanya hivyo kwa mimea, na mwaka wa 1758, katika toleo la kumi la Systema Naturae, kwa wanyama.

Lakini ni sifa gani ifuatwe? Mwanafunzi wa Kiswahili ataielewa shida hiyo. Kifaru na kiboko huanza kwa KI sawa na kiti na kikombe, ilhali hatusemi kifaru hiki kimekufa. Twasema kifaru huyu amekufa. Sura ya neno ingetupoteza. Linnaeus naye alipotezwa na sura. Mwanzoni alimweka nyangumi miongoni mwa samaki, na mwaka wa 1758 ndipo alipomhamishia kwa mamalia, wanaonyonyesha. Twiga, ambaye hakuwahi kumwona, alimtia katika jenasi moja na ayala wa Ulaya wenye pembe za matawi. Miaka minne baadaye Mfaransa Mathurin Brisson alimtengea jenasi yake.

Kosa lake kubwa zaidi lilimhusu binadamu. Alikuwa na ujasiri wa kumweka mwanadamu katika oda moja na tumbili, na akamwita Homo sapiens. Kisha akawagawa watu mafungu manne kwa bara na rangi ya ngozi, na mwaka wa 1758 akaongeza tabia: Mzungu akamfanya mvumbuzi anayetawaliwa na sheria, Mwafrika akamfanya mvivu na mwenye hila anayetawaliwa na matakwa ya papo hapo. Mtu aliyehesabu viungo vya ua kabla ya kutamka lolote, hapa hakuhesabu chochote. Waliotaka kuhalalisha ubaguzi baada yake walikuta mizani imekwisha kutengenezwa.

Wanafunzi wake walitawanyika duniani kukusanya viumbe, na baadhi hawakurudi. Peter Forsskål alifia Yemen mwaka wa 1763. Mwalimu wao alifariki Januari 10, 1778 baada ya kupooza, akazikwa katika kanisa kuu la Uppsala. Mwaka wa 1959 msomi Mwingereza William Stearn alimteua Linnaeus mwenyewe kuwa kielelezo rasmi cha spishi ya binadamu.

Mpango wake uliendelea kutumika. Mwaka wa 1882 Mfaransa Émile Oustalet alitambua kwamba punda milia aliyetumwa kutoka Ethiopia kwa Rais Jules Grévy wa Ufaransa hakuwa yule wa kawaida: milia yake ilikuwa myembamba, tumbo jeupe, masikio mapana ya duara. Akamwita Equus grevyi. Katika mbuga ya Buffalo Springs, Isiolo, aina hizo mbili hulisha pamoja. Sensa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu punda milia wa kawaida zaidi ya laki moja nchini Kenya, na wa Grevy wapatao 2,650 tu. Wangehesabiwa kama spishi moja, upungufu huo usingeonekana.

Twiga wa Isiolo, mwenye madoa yaliyopangika kama wavu, kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa tawi tu la spishi moja ya twiga wa Afrika nzima. Mnamo Agosti 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliwagawa twiga kuwa spishi nne, naye akawa mojawapo.