Akii-Bua: Aliyebeba Mzigo Apate Kuwa Mwepesi

Hapa Kalimoni, baina ya Ruiru na Thika, vijana wanaofanya mazoezi huniuliza mara kwa mara wale nini au wanywe dawa gani wapate nguvu za upesi. Jawabu langu ni maisha ya marehemu John Akii-Bua wa Uganda, nanyi wasomaji wa pwani napenda muyasikie.

Alizaliwa mwaka 1949 katika nchi ya Walango, kaskazini ya Uganda, akawa askari polisi. Alianza na mbio za viunzi za mita 110, kisha kocha wake Mwingereza, Malcolm Arnold, akamhamishia mita 400. Hizo ni mbio za viunzi kumi, na mwishoni miguu humgomea mwenyewe. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alitoka wa nne, akarudi bila nishani.

Hapo ndipo alipojifunga kibwebwe. Viunzi vya mbio zake vilikuwa na kimo cha sentimita 91. Yeye mazoezini aliruka vya sentimita 106. Mwilini alivaa kizibao cha ratili 25, yaani kilo 11 hivi, akakimbia nacho masafa marefu kuliko ya mashindano. Maana yake ni wazi: mwili uliozoea mzigo, siku ukituliwa huona wepesi, na kiunzi cha kawaida huonekana kifupi. Tena alijua kuruka kwa mguu wa kulia na wa kushoto, hivyo uchovu ukimfupishia hatua hakupunguza mwendo kutafuta mguu wake.

Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, alipangiwa njia ya ndani kabisa, yenye kona kali wasiyoipenda wakimbiaji. Alimaliza kwa sekunde 47.82, binadamu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48. David Hemery wa Uingereza, bingwa wa 1968, alikuwa wa tatu. Hiyo ikawa nishani ya kwanza ya dhahabu ya Uganda katika Olimpiki.

Wazee walisema mchumia juani hulia kivulini. Lakini marehemu kivuli hakukifaidi sana. Mwaka 1976 Uganda na nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo ya Montreal, na huko Edwin Moses wa Marekani akaivunja rekodi yake. Walango waliteswa mno enzi za Idi Amin, na mwaka 1979 Akii-Bua alikimbilia Kenya na jamaa zake, akaishi kambini kama mkimbizi kabla ya kwenda Ujerumani. Baadaye alirejea kwao akafundisha wanariadha, hata akafariki Kampala mwezi Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 47.

Siasa zilimnyima mengi, ila siku ile ya Munich hakuna aliyeweza kumnyang'anya, kwani alikwisha kuilipia ratili kwa ratili. Kivuli ni riziki, na mgawaji wa riziki ni Mwenyezi Mungu. Fungu la mja ni jua.