Margaret Llewelyn Davies: katibu aliyekataa ruzuku yenye masharti

Kwa akina mama wanaouza samaki mwambao wa Ziwa Mweru, kuanzia Nchelenge hadi ng'ambo ya Kongo, swali la nani aamue mambo ya kikundi ni la kila msimu. Nchini Uingereza, Margaret Llewelyn Davies alilijibu zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Alizaliwa London tarehe 16 Oktoba 1861, binti wa mchungaji. Mwaka 1886 alijiunga na duka la ushirika la mtaani kwake. Katika maduka hayo mwanachama alipata gawio kulingana na manunuzi yake. Wanunuzi wakubwa walikuwa wanawake, lakini kwenye kamati walikaa wanaume. Ndiyo maana mwaka 1883 uliundwa umoja wa akina mama wa ushirika, Women's Co-operative Guild.

Margaret alichaguliwa katibu mkuu mwaka 1889, wakati wanachama hawajafika 2,000. Alifanya kazi hiyo miaka 32 bila mshahara. Akina mama walifundishwa kuendesha mikutano, kusoma hesabu na kugombea kamati. Mwaka 1902 walisaidia kufungua duka katika mtaa wa maskini mjini Sunderland, lililouza bidhaa kwa vipimo vidogo. Mwaka 1912, baada ya kampeni yao, shirika kuu la jumla la ushirika lilikubali kima cha chini cha mshahara kwa wafanyakazi wanawake. Mwaka 1913 sheria ilibadilishwa ili fedha za uzazi, shilingi 30, ziwe mali ya mama mwenyewe, si ya mumewe.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1914. Umoja ulikuwa unadai sheria ya talaka irekebishwe. Viongozi wa vyama vya ushirika walitaka madai hayo yaachwe, la sivyo ruzuku ya pauni 400 kwa mwaka ingekatwa. Akina mama walikataa, wakachangishana wenyewe kwa miaka minne. Ruzuku ilirudi mwaka 1918.

Margaret alipostaafu mwaka 1921, wanachama walizidi 50,000. Mwaka 1922 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza mkutano mkuu wa ushirika nchini humo. Alifariki tarehe 28 Mei 1944. Umoja wake ulidumu hadi mwaka 2016.

Kikundi chenye mfuko wake kinaweza kukataa masharti. Kinachotegemea mfadhili mmoja hakiwezi.