ROBERT CHESEBROUGH: ALIYETOA MAFUTA KATIKA TAKATAKA

Hapa kwetu Nakuru ngozi ya mtu haina likizo. Januari ni vumbi, Julai ni baridi. Wapo wanaosema kwamba jina Nakuru lenyewe latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na mimi siwabishii, maana nimeona kwa macho yangu watoto wa shule ya msingi wakivuka uwanja wakiwa weupe magotini kana kwamba wamepiga magoti kwenye unga wa ugali. Ukipanda hadi Molo au Elburgon, ndio kabisa! Huko baridi ya asubuhi hupasua midomo na visigino vikafanya magaga ya kuweza kuficha sarafu.

Dawa ya haya yote kila mtu anaijua. Ni kile kikebe kidogo cha mafuta mazito ya kujipaka kinachokaa kando ya sabuni ndani ya kila sanduku bwenini. Wenzangu katika chama chetu wameandika juu ya washairi na mashujaa wa vita, na wamefanya vyema. Mimi nimeamua kumwandikia mtu ambaye kazi yake tunaigusa kila asubuhi kabla ya kengele ya gwaride. Aliitwa Robert Augustus Chesebrough, na ndiye baba wa Vaseline.

Alizaliwa tarehe 9 Januari 1837 mjini London, lakini wazazi wake walikuwa Wamarekani, na maisha yake aliyaishi New York. Alisomea kemia. Akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu hivi, riziki yake ilikuwa kutengeneza mafuta ya taa. Siku zile nyumba za Marekani na Ulaya ziliwaka kwa mafuta ya namna nyingi, yakiwemo ya nyangumi, na nyangumi walikuwa wakiwindwa baharini mpaka wakaanza kuwa adimu. Mwenye ujuzi wa kusafisha mafuta ya taa alikuwa na kazi ya kumpa mkate.

Basi mwezi wa Agosti 1859, huko Titusville katika jimbo la Pennsylvania, jamaa mmoja aitwaye Edwin Drake akachimba kisima chenye kina cha karibu futi 70 na mafuta yakapatikana ardhini. Habari hiyo ilikuwa neema kwa wengi na balaa kwa watu wa aina ya Chesebrough. Mafuta ya ardhini yangekuwa rahisi kuliko yake. Wengine wangekaa wakalia. Yeye alikuwa na umri wa miaka 22, akafunga safari kwenda Titusville kuyaona hayo mafuta yaliyotaka kumnyang'anya kazi.

Hapo ndipo hadithi yenyewe inapoanza, na naomba uniachie nafasi niisimulie polepole.

Visima vile vilikuwa na adui. Kwenye fito za pampu kulikuwa kunagandamana kitu cheusi, kizito, kama nta. Kikizidi, pampu zilikwama, na vibarua ilibidi waache kazi wakikwangue na kukitupa. Walikichukia sana. Lakini kumbe walipojikata kwa chuma au kuungua, walikuwa wakikichota kidogo na kujipaka penye jeraha, na wakaona kwamba ngozi inapona vizuri. Hakuna daktari aliyewafundisha. Ni akili ya mtu wa kazi ngumu asiye na pesa ya hospitali, akili ambayo hata hapa kwetu wakulima wanayo tele.

Waheshimiwa wengi walikuwa wamefika Titusville wakitafuta utajiri, wakapita kando ya uchafu ule wakiziba pua. Chesebrough alijaza kiasi chake, akarudi nacho New York. Mimi nikifikiria jambo hilo hucheka. Watu wamekwenda kuchota mafuta, yeye anarudi na takataka!

Kuisafisha takataka hiyo hakukuwa kazi ya siku moja. Alitumia miaka mingi akiijaribu, akiichemsha na kuichuja kupitia mkaa wa mifupa, mpaka kile kitu cheusi kikatoka jeli nyepesi ya kupendeza, isiyo na harufu wala ladha. Mwaka wa 1870 akafungua kiwanda chake cha kwanza Brooklyn, na tarehe 4 Juni 1872 serikali ya Marekani ikampa hati ya kuulinda uvumbuzi wake. Jina la Vaseline limo ndani ya hati hiyo. Kuhusu asili ya jina, wengi husema aliunganisha neno la Kijerumani la maji na neno la Kigiriki la mafuta.

Jambo moja katika hati ile lilinifurahisha mno. Matumizi ya kwanza aliyoyataja si ya mwili wa binadamu. Alitaja kulainisha ngozi za kutengenezea viatu na hatamu, na kulainisha mitambo. Mikono iliyopasuka kwa baridi ilikuja baadaye kidogo. Na sisi je? Nenda kijiji chochote kuanzia Njoro hadi Ol Kalou, uulize ni mafuta gani watu wanajipaka. Wengi watakutajia Arimis, ambayo kwa asili ni mafuta ya kukamulia, yaani ya kupaka chuchu za ng'ombe zisipasuke na mkono wa mkamuaji uteleze. Hii ni nchi ya maziwa. KCC yenyewe ilianza Naivasha mwaka wa 1925. Mkamuaji alimpaka ng'ombe, akaona mikono yake mwenyewe imekuwa laini kuliko uso wake, basi kikebe kikatoka zizini kikaingia nyumbani. Mambo ni yale yale ya vibarua wa Titusville. Ng'ombe hajawahi kulalamika.

Turudi kwa mzee wetu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chesebrough alikuwa na kizuri, lakini hakikujiuza hata kidogo! Wenye maduka ya dawa hawakukitaka. Walikuwa na malihamu yao ya mafuta ya nguruwe na ya mimea. Kwa hiyo akakitembeza. Alipanda gari la farasi akazunguka katika jimbo la New York akigawa vichupa vya bure. Na ili watu waamini, inasimuliwa kwamba alijichoma mwenyewe mbele yao kwa moto au kwa asidi, akajipaka jeli yake, halafu akawaonyesha makovu ya zamani yaliyokwisha kupona. Hebu fikiria mchuuzi wa namna hiyo pale stendi ya matatu Nakuru siku ya Jumamosi! Vichupa vya bure vilipoisha nyumbani, wenyeji walikwenda dukani kutaka vingine, na wenye maduka wakalazimika kuagiza.

Hapa sina budi kusimama kidogo, maana kuna mwenzetu anaweza kusoma haya halafu akimwagikiwa na chai ya moto akimbilie kikebe. Usifanye hivyo. Jeraha la moto likiwa jipya, liweke chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Ukilipaka mafuta mara moja unafungia joto ndani. Chesebrough alikuwa hodari wa kemia na biashara, lakini hakuwa daktari, na aliamini jeli yake inaponya karibu kila kitu. Ukweli ni kwamba yenyewe haina dawa ndani. Inachofanya ni kufunika. Ngozi yetu hupoteza maji kila saa, hasa hewa ikiwa kavu na upepo ukivuma. Jeli hii hukaa juu kama kifuniko cha sufuria, maji yasitoke, na uchafu usiingie penye mkwaruzo. Ngozi ikibaki na unyevu wake hujitengeneza yenyewe. Kwa sababu hiyo ni bora kujipaka mara tu baada ya kuoga, mwili ukiwa bado na unyevunyevu, kuliko kujipaka ngozi ikiwa imekauka kama gunia. Haiongezi maji, inalinda yale yaliyopo.

Na kitu kingine kilichoipa ushindi ni kwamba haivundi. Nyanya yangu wa Subukia hunisimulia walivyokuwa wakitengeneza mafuta ya mbarika. Mbegu zinakaangwa, zinatwangwa, zinachemshwa mpaka mafuta yaelee juu, kisha yanaenguliwa na kuwekwa kibuyuni. Mafuta mazuri sana, na ngozi ya nyanya ni ushahidi. Lakini mafuta ya mimea na ya wanyama yakikaa sana huchacha na kutoa harufu. Yale ya Chesebrough, kwa kuwa yametoka ardhini kwenye mawe, yanaweza kukaa miezi na miezi ndani ya kikebe bila kubadilika. Kwa mtu anayenunua mara moja kwa muhula, jambo hilo si dogo.

Biashara ilipokua, mwaka wa 1881 kampuni yake iliingia mikononi mwa Standard Oil, lile dubwana la mafuta la John D. Rockefeller. Ikabaki humo hadi mwaka wa 1911, mahakama kuu ya Marekani ilipoamuru dubwana hilo livunjwe vipande vipande, nayo ikawa huru tena.

Mwenyewe alizidi kuipenda jeli yake mpaka ikawa kichekesho. Inasimuliwa kwamba alimeza kijiko kimoja kila siku. Tena alipougua kichomi akiwa amepita miaka hamsini, alimtaka muuguzi ampake Vaseline mwili mzima kutoka utosini hadi nyayoni, na akapona. Sisemi kwamba ni Vaseline iliyomponya. Nasema tu kwamba kama kuna mchuuzi aliyeiamini bidhaa yake, ndiye huyo.

Imani ya namna hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, maana madukani kuna wachuuzi wa aina nyingine. Mwaka wa 1998 serikali yetu ilipiga marufuku krimu na sabuni zenye zebaki na haidrokwinoni, zile za kujichubua ili mtu awe mweupe. Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi na kuharibu figo. Lakini bado vitu hivyo vinauzwa kwa kificho, kwa bei kubwa, na wasichana wa rika langu wanavinunua. Nilikuwa na rafiki aliyeanza na krimu moja isiyokuwa hata na jina la mtengenezaji. Baada ya muda mashavu yake yakawa na mabaka, jua likimpiga anafunika uso kwa daftari, na mwisho akawa hataki kusimama mbele ya darasa kusoma insha, yeye aliyekuwa msomaji wetu bora. Pesa alizotumia zingenunua mafuta ya kawaida ya kuwatosha mabinti wote wa bweni. Daktari wa ngozi alimwambia aache krimu zote, anawe kwa sabuni isiyo kali, ajikinge na jua, na ajipake jeli isiyo na manukato. Yaani alirudishwa kwenye kikebe kile kile alichokidharau kwamba ni cha washamba. Mabaka yamepungua, hayajaisha. Juzi alikubali kusoma tena, akiwa ameketi.

Kuna jambo lingine ambalo Chesebrough angelipenda kama angeishi kuliona. Mwaka wa 2012 mafuta yalipatikana Turkana, na kuanzia mwaka wa 2018 malori yalikuwa yakiyabeba kwenda Mombasa kwa majaribio, yakipitia barabara yetu hii ya kutoka Eldoret. Mafuta yale yana nta nyingi mno. Yakipoa yanaganda, kwa hiyo ilibidi yasafirishwe katika matangi yanayotunza joto. Wahandisi waliiona nta hiyo kuwa taabu tupu, sawasawa na wale wa Titusville na pampu zao.

Robert Chesebrough alifariki tarehe 8 Septemba 1933, Spring Lake, New Jersey, akiwa na umri wa miaka 96. Mkewe Margaret alikuwa amemtangulia tangu mwaka wa 1887. Mwaka wa 1955 kampuni yake iliungana na ile ya Pond's, na mwaka wa 1987 zote mbili zikawa mali ya Unilever, ambayo hapa Kenya ndiyo inayouza Vaseline. Jina lake gumu la Chesebrough limesahaulika, nami nilipolitamka mara ya kwanza katika mkutano wa chama, mwenyekiti aliniomba nilirudie mara tatu. Lakini jina alilolibuni limekuwa kama neno la Kiswahili. Ingia duka lolote pale Soko la Nakuru uombe Vaseline, mwenye duka atakupa kikebe chochote kilicho karibu, hata kama ni cha kampuni nyingine kabisa, nawe utakipokea, ulipe, uende zako.